Fungu la Jioni

Nyumba ile ya Al Qusais ilikuwa na vyumba vingi kuliko watu wa kuvijaza, na mimi nilipewa kilichopakana na cha mgonjwa ili nisikie kengele yake. Hakuwahi kuipiga. Alikuwa bibi wa Kizanzibari aliyeletwa Dubai akiwa mke kijana, akazaa huku, akafiwa na mume huku, na kwa malezi yake kumwita mtu mzima kwa kengele kulikuwa utovu wa adabu. Akinihitaji alikohoa. Nisiposikia kikohozi cha kwanza alinyamaza, akavumilia kiu au maumivu mpaka niingie mwenyewe. Nilimwambia kengele ile imenunuliwa kwa ajili yake. "Iache hapo," akasema, "yapendeza."

Mimi ni muuguzi, mtu wa Kenya ya bara, nilikojifunza Kiswahili shuleni na sokoni, si kwa mama. Bintiye mgonjwa, niliyemwita madam kama ilivyo desturi ya kule, aliniajiri kwa kazi moja tu. Mama yake alikuwa na homa ya ini aina ya C, ile ya kukaa mwilini miaka na miaka. Alikwisha kutibiwa mara moja na tiba ikashindwa, na sasa angetibiwa tena: sindano mara moja kwa wiki, vidonge asubuhi na jioni, karibu mwaka mzima. Mara ya kwanza alipelekwa kliniki kudungwa, na vidonge akaachiwa mwenyewe. Safari hii madam alitaka mtu wa kukaa naye, kwa sababu yeye alishinda ofisini na watoto wake walishinda kwenye kompyuta, wakizungumza Kiingereza na Kiarabu. Kiswahili cha bibi yao walikijua cha kusalimia tu.

Mimi nilimwita Bi Mkubwa. Yeye aliniita mwanangu, akinikasirikia aliniita dakitari.

Daktari wa kweli, yule wa ini, alikuwa Msudani wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kusafisha miwani kila alipotaka kusema jambo zito. Siku ya kwanza aliisafisha mpaka nikaihurumia. Alitueleza, Kiarabu kwa madam na Kiingereza kwangu, kwamba kabla ya kumrudishia mtu tiba hii hujaribu kubashiri kama itamfaa, kwa kuwa dawa zenyewe ni kali na haina maana kumtesa mzee bure. Huangalia aina ya kirusi, umri, uzito, na ini limekwisha kuumia kiasi gani. Lakini kubwa kuliko yote, alisema, ni jinsi mwili ulivyoitikia mara ya kwanza. Wapo ambao kirusi kilitoweka, na dawa zilipokwisha kikarudi. Hao wana matumaini. Na wapo ambao dawa hazikukitikisa hata kidogo. Hao ukiwarudishia dawa zile zile, mara nyingi utapata jibu lile lile.

"Mama yako ni wa kundi la pili," akamwambia madam.

Kisha akamgeukia mgonjwa, akamuuliza kama mara ile ya kwanza alimeza vidonge vyote kama alivyoandikiwa. Bi Mkubwa aliteremsha macho kwenye mapaja yake na kusema, "Alhamdulillah." Daktari akaandika. Mimi nami niliihesabu kuwa ndiyo. Nani angeielewa vingine? Mtu aliyelelewa vizuri akiulizwa hali humshukuru Mungu kwanza, mambo mengine baadaye, na daktari hakungoja hayo ya baadaye.

"Tutajaribu," daktari akasema. "Wiki ya kumi na mbili tutapima. Kama virusi havijashuka vya kutosha, tunasimamisha, khalas."

Madam akauliza kama baada ya hapo kuna dawa nyingine. Miwani ikavuliwa tena. Kwa wakati ule hapakuwa na nyingine. Ini lilikuwa limeanza kuweka makovu, na kama tiba ya pili ingeshindwa kazi iliyobaki ilikuwa kulitazama tu linavyokwenda.

Tulirudi kwa njia ya Al Jaddaf, madam akiendesha, mimi na Bi Mkubwa nyuma. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kasema nini?" Nilijua Kiarabu alikielewa chote, ila mbele ya madaktari kilimkimbia. Nikamwambia amesema atajaribu. "Haya," akasema. "Na ajaribu."

Nilimdunga kila Alhamisi baada ya alasiri. Kufikia magharibi homa ilikuwa imempanda, meno yanagongana, naye anataka kiyoyozi kizimwe, nje joto la kumwivisha mtu. Tuliketi hivyo, yeye chini ya mablanketi, mimi nikitiririka jasho, tukichukiana kidogo. Asubuhi yake aliniomba radhi kwa tende. Mimi si mtu wa kubembeleza wagonjwa, sikusomea hivyo, lakini nilizipokea nikala.

Jambo lililonikera katika nyumba ile lilikuwa rangi ya kucha. Madam alikuwa amepaka tone jekundu chini ya sahani ya mama yake, chini ya kikombe, na kwenye mpini wa kijiko, ili visichanganyike na vya watoto. Nilimweleza kwamba ugonjwa huu uko kwenye damu na hauhami kwa sahani. "Najua, sister," akasema, "lakini watoto." Basi chakula kilipikwa sufuria moja, wao wakala mezani, na cha Bi Mkubwa kikapelekwa chumbani kwenye trei. Mtu aliyekulia kwenye sinia, mikono mingi ndani ya wali mmoja, sasa alikula akitazamana na ukuta. Aliniomba nisikae kumtazama, akasema anaona haya. Nilimwachia trei na kisosi chenye vidonge, nikaenda kula changu jikoni nikiwa nimesimama.

Siku moja nilimwita aje sebuleni tule pamoja. "Bi Mkubwa, kuja tukule."

"Kuja tukule!" Alinitazama kana kwamba nimemwaga mchuzi. "Hebu rudi mlangoni, mwanangu, uingie upya, useme njoo tule."

Nilirudi mlangoni, nikaingia, nikasema njoo tule. Akacheka, lakini hakuja.

Siku za Ijumaa nilipewa mapumziko. Nilikwenda kanisani, halafu Al Rigga, kwenye chumba cha wenzangu waliofanya kazi hotelini. Kulikuwa na chai na chapati, na mazungumzo yalikuwa yale yale: nani anasafiri, na sanduku lake lina nafasi kiasi gani. Hakuna Mswahili wa Dubai asiyejua shughuli hiyo. Mtu akipata likizo, nusu ya mji inamjua. Huyu anamtumia mama miwani, huyu simu ya kaka, huyu dawa za presha za baba, na kila mmoja anaapa mzigo wake ni mdogo. Mama yangu alikuwa ameshafariki, na nyumbani kwetu hapakuwa na mwingine. Nilikuwa nikiwashikia masanduku wakati wanayafunga kwa utepe wa gundi, nikatoa na ushauri kuhusu kupanga viatu. Sikuwa na kitu cha kumtumia mtu, kwa sababu sikuwa na mtu. Nilirudi Al Qusais kwa basi nikipita nguzo za metro zilizokuwa zinapandishwa, nikijihisi mpweke kuliko nilipotoka.

Ilikuwa wiki ya tatu ya tiba Bi Mkubwa aliponituma kanga kabatini. Nyuma ya kanga, huko ndani kabisa, niliona bati la halua ya Kiomani. Nikalitoa nikiwa tayari kumgombeza kwa ajili ya sukari. Halua haina sauti, lakini bati lile lilikuwa likilia njuga. Nikafungua. Ndani vilikuwamo vidonge vya jioni. Vya kila jioni, tangu tuanze.

Nilipandwa na hasira ambayo hata sasa naikumbuka mikononi. "Bi Mkubwa, hii ni nini?"

"Lirudishe mahali pake."

"Sirudishi! Kama unataka kufa niambie, nifunge nguo zangu niende. Mimi nakudunga kila wiki, unatetemeka usiku kucha, halafu dawa unaficha kwa kanga?"

Aliketi ukingoni mwa kitanda, miguu haifiki chini. "Fungu la jioni si langu," akasema. "Fungu la jioni la mdogo wangu."

Nilidhani homa imempanda kichwani. Nikamshika paji la uso, likawa baridi. Akaniambia niketi, nami nikaketi palepale kitandani pake, jambo ambalo muuguzi hafanyi.

Alikuwa na mdogo wake, mmoja tu, aliyebaki Unguja. Walipokuwa wasichana waliugua homa pamoja, na akaletwa bibi mmoja wa mtaani kuwaumika, yaani kuwachanja mgongoni na kuwatoa damu kwa pembe. Alianza na mkubwa, akafuatia mdogo, wembe ule ule. Kama ndipo ugonjwa ulipoingia au la, hakuna wa kuthibitisha, lakini yeye alikwisha kuamua. Alipogundulika Dubai alimpigia mdogo wake simu, akamwambia naye akapimwe. Akapimwa, akaonekana anao. Dawa kule hakuipata. Huku Bi Mkubwa akipewa maboksi kwa maboksi.

"Ningefanyaje?" akaniuliza. "Nimeze zote, nimtazame?"

Basi akagawa. Vya asubuhi vyake, vya jioni vya mdogo wake. Alivijaza kwenye mfuko wa nailoni, akaulaza chini ya bati, juu akashindilia halua, na kila aliyesafiri kwenda Unguja alibeba bati la halua la Bi Mkubwa. Watu wakasema bibi huyu anampenda mdogo wake. Jioni alimpigia simu akamwambia meza sasa, meza na chakula, nami nakula. Muda wote wa tiba ile walikuwa wakila pamoja kwa simu, mmoja huku na mmoja kule. Mwishowe vipimo vya huku vikasema tiba imeshindwa, na kule mdogo wake akavimba tumbo, akafa. Bi Mkubwa hakuwahi kumzika, alikuwa mwenyewe hawezi kusafiri.

"Na hivi vya sasa?" nikamuuliza. "Unamwekea nani?"

"Mkono umezoea." Akavuta kanga begani. "Na nikivimeza vyote naona nakula haki yake."

Kwa saa nzima ile nilimfikiria mama yangu, na masanduku ya Al Rigga. Mimi ningefanya vile vile, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Tulipatana kabla ya magharibi. Mimi nilitaka mambo mawili: vya jioni avimeze mbele yangu, na daktari aambiwe ukweli, kwa sababu alikuwa akibashiri maisha yake kwa hesabu isiyo sawa. Yeye naye alitaka mawili. La kwanza, bintiye asijue, asije akajiona mjinga kwa maboksi yote yale aliyohangaika kuyapata. La pili alilisema akitazama pembeni. "Siwezi kula peke yangu nikameza. Kaa ule nami. Ukila nami, nitameza."

Tulipokwenda tena kwa daktari, Bi Mkubwa alimwambia bintiye ana hamu ya chai ya karaki. Madam alishangaa, kwani ilikuwa miezi mama yake hajatamani kitu, akatoka mbio kuitafuta. Mlango ulipofungwa Bi Mkubwa alisema yote kwa Kiswahili, polepole, nami nikafasiri. Daktari alivua miwani, lakini safari hii hakuisafisha. Aliiweka mezani.

"Basi nilichobashiri nakifuta," akasema. "Mwambie si kwamba dawa zilishindwa. Dawa hazikupata nafasi ya kujaribiwa. Sasa sijui itakuwaje, na kutojua huko ni habari nzuri kuliko niliyokuwa nayo."

Nilifasiri. Bi Mkubwa akaitikia kwa kichwa taratibu. Kisha daktari akaniuliza kama yule mdogo alipata na sindano. Nikauliza. "La," akasema Bi Mkubwa. "Sindano zataka barafu, ningezipelekaje?"

Daktari aliinamisha kichwa. Akaniambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kwamba vidonge vile bila sindano havimponyi mtu. Kazi yake ni kuisaidia sindano tu. Yule mama wa Unguja alikuwa akimeza bure.

Bi Mkubwa alikuwa ananitazama mdomoni. "Kasema nini?"

"Amesema pole kwa msiba."

"Mwambie ahsante, Mungu amlipe."

Nikamwambia daktari. Alielewa nilichofanya, akavaa miwani yake. Madam akaingia na chai.

Tangu jioni ile ya mapatano tulikula pamoja, mkeka chini, sahani moja kubwa katikati. Ile yenye tone jekundu niliificha juu ya kabati la jikoni, na mtu akiuliza nilikuwa nimejiandaa kusema imevunjika. Hakuna aliyeuliza. Wali wa nazi, mchuzi wa papa, bamia, siku nyingine dengu. Aliudharau ugali wangu kabla hajauona. Nilikuwa nikila upande wangu, naye ananisogezea minofu kwa ncha za vidole, kama anavyofanyiwa mtoto, na mimi mtu mzima mwenye diploma nikiikubali.

Vidonge alivimwaga kwenye kisosi, akavigawa kwa kidole mafungu mawili. Fungu la kulia alilimeza kwanza. Halafu alipumzika, akanisimulia habari ya mdogo wake: jinsi alivyoogopa kuku mpaka ukubwani, alivyoiba ubani wa mama yao akaufukizia wanasesere, alivyolia siku dada yake anaondoka kwa kuwa hataki, akacheka siku hiyo hiyo kwa kuwa atarithi kitanda. Kila jioni habari moja. Kisha alichukua fungu la kushoto. "Hili la kwake. Bismillahi." Akameza.

Sikumkataza. Dawa zilikuwa zinaingia, hilo tu ndilo nililolitaka. Lakini si kweli kwamba hilo tu. Nilikuwa naisubiri saa ile tangu mchana. Hata Ijumaa nilianza kurudi mapema kutoka Al Rigga, wenzangu wakanitania kwamba nimepata bwana Al Qusais.

Dawa zilipoingia zote, zilimchapa kweli. Damu ilipungua, akawa anahema kwa ngazi chache. Nywele zilibaki kwenye kitana. Siku moja, mtu yule aliyeona haya kupiga kengele, alinirushia kikombe akaniita mshenzi wa porini, halafu akalia kuliko nilivyokasirika. Daktari alipoona damu imeshuka alisema mara ya kwanza, alipomtibu yeye huyo huyo, haikushuka hivi, na wakati ule alifurahi akidhani mgonjwa anavumilia dawa vizuri. "Nilipaswa kujiuliza kwa nini," akasema, na hakusema zaidi.

Kadiri wiki ya kumi na mbili ilivyosogea nilianza kukosa usingizi. Virusi visiposhuka, tiba ingesimamishwa, mimi ningelipwa changu niende nyumba nyingine, na yeye angerudishiwa trei na ukuta, ini likiendelea kukakamaa. Nilikuwa namwogopea yeye, na nilikuwa najiogopea mimi, na sikuweza kuvitenga.

Siku ya majibu tuliingia wote watatu. Daktari alisimama kutupokea, jambo asilolifanya siku zote. "Havionekani," akasema kwa Kiarabu, halafu akarudia kwa Kiingereza kwa ajili yangu. Mashine haikuviona tena. Safari haijaisha, dawa lazima zimalizwe, lakini mtu anayefika hapa kwa wiki ya kumi na mbili ana haki ya kutumaini. Madam alimkumbatia mama yake, akambusu kichwani mara nyingi, machozi yanamwagikia kwenye shela. Nami nililia, sikujali.

Bi Mkubwa alisema, "Alhamdulillah." Safari hii nilimtazama uso. Hakuwa anatabasamu.

Jioni niliweka mkeka na sahani. Madam alikuwa chini kwenye simu, akiwapigia jamaa wa Maskati na London, sauti yake imejaa nyumba. Bi Mkubwa aligawa mafungu yake mawili. Akameza la kulia. La kushoto akaliacha.

"Zaponya," akasema.

"Ndiyo, Bi Mkubwa. Zinaponya."

"Basi ningempa zote yeye, leo angekuwapo. Nilimpa nusu. Nilimnyima nusu yangu."

Nikamwambia si hivyo. Akaniinulia macho, makavu kabisa.

"Mwanangu, siku ile daktari alisema maneno mengi, wewe ukanambia machache. Alisema nini?"

Ningeweza kusema uongo tena. Lakini alikuwa anajihukumu kwa kosa ambalo hakulitenda, na nilidhani ninao ufunguo wa kumtoa. Nikamwambia. Nilimweleza kwamba vidonge vile peke yake havimponyi mtu, vinasaidia sindano tu, na kama angempelekea vyote, mpaka cha mwisho, mdogo wake asingepona. "Kwa hiyo hukumnyima kitu, Bi Mkubwa," nikasema. "Hata kidogo."

Aliketi akilitazama fungu la kushoto.

"Sikumnyima kitu," akasema.

"Hukumnyima."

"Basi na sikumpa kitu."

Chakula kilipoa kati yetu. Mwishowe alivikusanya vile vilivyobaki, akavimeza na maji, hakusema ni vya nani, na jioni ile hakukuwa na habari ya mdogo wake.

Alimaliza tiba yote. Kufikia kipimo cha mwisho, kile cha miezi kadhaa baada ya dawa kwisha, mimi nilikwisha kuhamia nyumba nyingine. Madam alinipigia simu kunieleza mama amepona kabisa na sasa anakula mezani na watoto. Nilifurahi, na furaha yangu ilikuwa ya kweli. Lakini kila nikimfikiria huwa sikumbuki habari hiyo. Nakumbuka kesho yake ya siku ya majibu, nilipomwekea kisosi kama kawaida, nikaketi upande wangu wa sahani nikingoja agawe. Alivimimina vyote kiganjani, akavimeza kwa mara moja, akaniuliza samaki wa leo amenunuliwa wapi.